Kiingereza cha Tuta la Kwanza

Makambako,
22 Aprili 2025

Kwa Ndugu Mika Mligo,
Katibu wa Jopo la Kiingereza la Shule za Kata, Njombe.

Kamwene.

“Vitenzi vya Kiingereza vinavyobadilika maana kwa kufuatwa na vijineno kama up, off na out ni mazoea ya wenye lugha yao. Mtoto wa kijijini hawezi kuvielewa. Akaririshwe orodha ya vitenzi mia moja. Inatosha kwa mtihani.”

Hayo ni maneno yako, Ndugu Katibu, aya ya tatu ya waraka uliotutumia walimu. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni kosa la mpiga chapa. Niliposoma mara ya pili nikaona sahihi yako.

Huyo mtoto unayesema hawezi, nyumbani kwao anasema funga, fungua, fungia, fungana, fungasha, wala hajawahi kuchanganya mlango na mzigo. Kwa Kibena anafanya hivyohivyo tangu hajaota meno ya mbele. Mwingereza naye ana mkia kwenye kitenzi chake, ila ameukata akauweka pembeni. Mtoto aliyezaliwa kwenye lugha yenye mikia hatishwi na mkia uliokatwa. Anachotaka ni kuuona ukifanya kazi.

Kuhusu kukariri, nina mfano hai. Mwaka jana nilimpokea Praygod kutoka shule inayofuata orodha. Alikuwa anaitiririsha kama aya za dhahabu za Shule ya Jumapili: give up, kuacha, give in, kukubali, give out, kugawa. Nikamwambia anitajie kitu kimoja alichoacha baba yake: “Tell me one thing your father gave up.” Alitazama dari. Kila kitenzi alikuwa nacho, ila hakuwa na baba wa kumtia ndani yake.

Sisi kwetu hatufundishani kazi kwa orodha. Tunaitana mgowe: leo majirani wote shambani kwako, wiki ijayo wote kwangu, na mwenye shamba anatoa kinywaji. Nami nimelifanya darasa langu la kidato cha nne kuwa mgowe. Kila Alhamisi baada ya vipindi tunakwenda na majembe kwa jirani anayehitaji mikono, na mpaka tuta la mwisho hakuna anayesema ila kwa Kiingereza. Kesho yake wanaandika yaliyotokea. Hizi hapa sentensi zao, nimezichukua bila kuchagua.

“We dug up the potatoes before the rain set in.” Walichimba viazi, na mvua ilianza kweli, saa kumi.

“Lameki threw away good ones, so Asteria told him off.” Lameki alitupa vizima, Asteria akamkaripia, na mimi nilikuwepo.

“The sacks ran out and we had to make do with baskets.” Magunia yaliisha, wakatumia vikapu hivyohivyo.

“The old woman cheered up when we turned up. Her son never turns up, but she gets by.” Bibi alichangamka walipotokea, mwanawe hatokei, ila anajimudu.

“My hands gave out before my English did.” Hii ni ya Asteria. Mikono yake ilichoka kabla ya Kiingereza chake. Niletee mtu mmoja katika jopo lako aliyewahi kuandika sentensi kama hiyo, nami nitakariri orodha yako nzima mbele ya gwaride.

Ni mimi,
Mwl. Getruda Mwalongo


Njombe,
26 Aprili 2025

Dada Getruda,

Shikamoo. Nilikuwa nyuma yako chuoni, nakumbuka ulivyokuwa unawajibu wakufunzi. Naona kalamu haijapata kutu.

Naomba na mimi nisikilizwe. Orodha inaweza kupigwa chapa ikafika Ludewa, Makete na kila shule isiyo na mwalimu wa Kiingereza hata mmoja. Wewe huwezi kupigwa chapa. Hilo waraka wangu umelifikiria, na barua yako haijaligusa. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Kichiwa, nilikariri, na leo hii ni mimi ninayeandika waraka.

Sentensi zako ni nzuri mno, na hapo ndipo ninapozitilia shaka. Chukua ile ya bibi na mwanawe asiyetokea. Mbena gani, mwenye mikono yake, anamwacha mama yake na viazi ardhini mpaka wanafunzi wakamchimbie? Hadithi za kutunga, dada, zisiitwe mambo halisi.

Kuna jambo zito zaidi, na silifurahii. Mwalimu Gideoni wa jopo letu alipita na pikipiki barabara ya Kichiwa Alhamisi ya tarehe 10, akawaona. Anasema wanafunzi walikuwa kwenye matuta, na aliyekuwa ameanza tuta la kwanza ni wewe. Sote tumekulia huku. Tuta la kwanza la mgowe huanzwa na mwenye shamba, na mwenye shamba akiwa mama mzee, huanzwa na mtoto wake wa kiume. Hakuna jirani anayetangulia. Jopo linasema waziwazi: Mwalimu Getruda anavunisha viazi vyake kwa wanafunzi na kuita Kiingereza.

Mkuu wako wa shule anasubiri neno letu. Tunataka maelezo kwa maandishi, yakimtaja mwenye shamba, kufikia tarehe 9 Mei. Yasipofika, kidato cha nne kitapewa Mwalimu Jastin, naye ataanza na orodha.

Nisamehe ukali. Kiti hiki ndivyo kilivyo.

Mdogo wako,
Mika Mligo


Kichiwa,
30 Aprili 2025

Mwanangu Mwalimu Getruda,

Kamwene. Mimi sijambo, mgongo tu, na huo tumeshazoeana. Barua hii naandika mwenyewe, usicheke mwandiko, darasa la saba la zamani lilikuwa darasa la saba.

Asteria amepita jana akaniambia wanataka kukunyang'anya hao watoto kwa ajili ya shamba la viazi. Nikamuuliza shamba lipi. Akasema, bibi, hili lako. Nikakaa chini pale pale kwenye tuta.

Mwalimu, nakuomba usimwambie Mika kwamba shamba ni la mama yake.

Kila Jumapili tukitoka ibadani ananipigia simu. Anauliza, mama, viazi vimetoka? Mimi namwambia vimetoka, mgowe umekuja, mtoto wa baba yako mdogo ndiye ameanza tuta. Huyo mtoto wa baba mdogo yuko Tandala na kazi zake, huku hajakanyaga mwaka wa pili huu. Ni mimi nilimtuma kwa mdomo tu.

Usimwone Mika mtu mbaya. Bati la nyumba hii kaliweka yeye. Krismasi analeta sukari, mafuta, na kitenge. Lakini bati halichimbi viazi. Zamani alikuwa anakuja na jembe lake, halafu wakampa hicho cheo, akaanza kuja na viatu. Mimi ndiye niliyemwambia, baki na kazi yako mwanangu, mimi nitaweza. Mtoto ukimwambia utaweza, anaamini.

Siku ile uliponiuliza nani anaanza tuta, nami nikanyamaza, na wewe ukachukua jembe ukaanza, niliona haya na nilifurahi. Sikujua kama litakuponza.

Watu wa kanisani wakisikia kwamba mama wa katibu anachimbiwa na watoto wa shule, yeye atauficha wapi uso wake? Mzazi hufunika. Lakini na wewe una watoto wako hao. Mimi hapo ndipo nashindwa. Wewe umesoma, angalia.

Mama yako,
Dorosela, Mama Mika


Makambako,
4 Mei 2025

Mama Dorosela,

Shikamoo mama.

Mwandiko wako unasomeka kuliko wa katibu. Sijacheka, nimekasirika, ila si kwako.

Sitamtajia Mika jina lako. Umeniomba, na nilikunywa togwa nyumbani kwako. Lakini sitasema uongo vilevile. Sitaandika kwamba shamba ni langu ili yaishe, wala sitamtungia mwenye shamba mwingine. Wewe unafunika, mama, na mimi sikulaumu. Ila blanketi unalomfunikia limekuwa refu hadi linawafunika uso watoto wasio wako. Wakipewa orodha sasa, mtihani ukiwa Novemba, wote wataanza kutazama dari.

Nitakwambia ninachotaka kufanya, na uamuzi ni wako. Alhamisi ya tarehe 15 tunakuja kumaliza upande wa bondeni. Nataka niwaalike wenye jopo wawafuate wanafunzi kutoka shuleni bila kuambiwa wanaenda kwa nani. Wataona kwa macho yao, na mimi nitakuwa sijasema neno.

Kama hutaki, mwambie Asteria kabla ya Ijumaa, nami nitaacha, darasa liende. Usipomwambia kitu, nitajua umekubali. Naomba hapo uandae togwa ya kutosha, maana watu wa ofisini wakitembea hunywa sana.

Mwanao,
Getruda


Makambako,
9 Mei 2025

Ndugu Katibu,

Umenitaka nimtaje mwenye shamba. Sitamtaja.

Si langu. Langu liko huku Makambako nyuma ya nyumba na lina magugu hadi kiunoni. Mwalimu Gideoni aje na pikipiki yake alione, nitamchemshia chai. Mwenye shamba nililoanza tuta lake ameniomba nisimtaje, na ana sababu ambayo ni ya heshima. Kuanza tuta nilianza kwa kuwa mtu wa kulianza hakuwepo, na mgowe hauwezi kusimama ukimsubiri. Ikiwa hilo ni kosa, liandikeni kwenye faili langu kwa herufi kubwa.

Sasa nijibu hoja yako, maana ulikuwa nayo moja nzuri. Unasema mimi siwezi kupigwa chapa. Kweli. Lakini mgowe nani aliupiga chapa? Uko Kichiwa, uko Makete hadi pembeni ya Kitulo, uko Ludewa kwa wavuvi wanaovuta nyavu pamoja, kila mahali chini ya jina lake. Mwalimu asiye na kitabu hata kimoja ana majirani. Mpe maagizo ya nusu ukurasa: wapeleke penye kazi, waseme wanachofanya, waandike kilichotokea. Nusu ukurasa, Mika, unafika mbali kuliko orodha yako na hauhitaji kubandikwa ukutani.

Halafu usiniambie tena kwamba ulikariri na umefika. Umefika, ndiyo. Mwezi Machi kwenye semina mgeni alitaka kujua unaendeleaje, akakuuliza, “How are you getting on?” nawe ukamweleza umepanda gari gani. Sikucheka siku ile. Nilisikitika, kwa kuwa najua kichwa ulichonacho, na najua waliokifundisha walikujaza majibu kabla hujaulizwa swali.

Nawaalika. Alhamisi tarehe 15, saa nane mchana, njoo na Gideoni na Mwalimu Cresensia. Wafuateni wanafunzi kutoka shuleni mpaka shambani. Njooni na orodha yenu, muwaulize kitenzi chochote, kwa mpangilio wowote, wakiwa na jembe mkononi. Wakishindwa, nitamkabidhi Jastin chaki mimi mwenyewe na kumbebea kiti.

Mwenye shamba nimempa nafasi ya kukataa ugeni huu. Leo ni Ijumaa, na hajakataa.

Getruda Mwalongo


Njombe,
16 Mei 2025

Dada Getruda,

Shikamoo.

Mama hukumtaja kwangu. Nimeirudia barua yako ya tarehe 9 kutafuta mahali uliponidanganya, sijapapata.

Wanafunzi walipoiacha barabara kuu nilijua njia. Nikamwambia Gideoni huenda wanapita tu, kuna mashamba mengi mbele. Tulipofika kwenye mikaratusi nikasema tena wanapita tu. Ile mikaratusi niliipanda mimi. Cresensia akaniuliza, “Mbona unatembea polepole, Katibu, viatu vinabana?”

Mama akatoka. Ulimwona. Aliwapa mkono Cresensia na Gideoni, halafu akanipa mimi, kwa mikono miwili, kama anavyompa afisa. Akasema, “Karibuni wageni.” Mimi nikasema, “Shikamoo mama,” na Gideoni ndipo alipogeuka kunitazama.

Cresensia alifanya kazi yake, nami namheshimu kwa hilo. Aliwauliza kwa kurukaruka kutoka kwenye orodha yangu. Alipouliza call off, kufuta shughuli, Lameki hakuinua hata kichwa: “If it had rained, we would have called it off.” Put up with, akajibu Asteria kwamba wanavumilia kelele za Lameki kwa sababu anachimba vizuri. Watoto wakacheka, nao wakacheka kwa Kiingereza, sijui kama unanielewa. Kisha Cresensia akauliza look after. Akamwelekea Praygod, huyo uliyeniandikia kwamba alitazama dari. Pale hakukuwa na dari. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akasema taratibu, “We look after her on Thursdays.”

Kwamba Alhamisi wanaomtunza ni wao. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo ilikuwa sentensi.

Asteria ndiye aliyeniletea jembe. “Sir, could you take over from our teacher? She needs to sit down.” Sikufungua orodha kujua kwamba ananitaka nimpokee mwalimu wake kazi. Nilivua viatu. Na mama, wa kwanza kusema, mbele ya jopo zima: “Udongo unaurudisha nyuma. Umesahau. Usiniharibie tuta.” Niliporudi naye nyumbani jioni nilitaka kumwomba radhi, akaniambia nikanawe kwanza.

Ile sentensi ya bibi na mwanawe niliiita ya kutunga. Si ya kutunga.

Sasa lililobaki, na si dogo. Jopo linakutana tarehe 22. Gideoni hajalegea. Anasema sawa, shamba si la mwalimu, lakini wanafunzi walitoka shuleni bila kibali cha jopo, na njia ya kufundisha isiyo kwenye waraka ni utovu wa nidhamu, darasa lichukuliwe. Anaongeza kwamba mimi siwezi kupiga kura kwa sababu shamba ni la mama yangu, na hapo ana haki, nitatoka nje. Cresensia hajasema atasimama wapi. Nilimwuliza, akajibu, “Nataka kusikia kutoka kwa Getruda, si kutoka kwako.”

Waandikie. Mimi waraka ule nilishautetea kwa nguvu zangu zote, na sasa sina pa kusimama nikiushika.

Mika


Makambako,
19 Mei 2025

Kwa Mwalimu Gideoni na Mwalimu Cresensia,
Wajumbe wa Jopo la Kiingereza, Njombe.

Kamwene, wanyalukolo, ndugu zangu.

Mwalimu Gideoni, nasikia unasema, “Njia ya kufundisha isiyo kwenye waraka ni utovu wa nidhamu.” Nimeishi na hoja hiyo miaka yote ya kazi yangu. Kila kitu kilichowahi kumsaidia mtoto wa huku kilianza kikiwa hakimo kwenye waraka. Kibali cha kutoka shuleni alinipa mkuu wa shule, na barua za wazazi anazo yeye, mkamwulize. Jopo halikuombwa kibali kwa kuwa halikuwahi kuuliza tunafanya nini. Liliuliza tu shamba ni la nani.

Tarehe 10 Aprili macho yako hayakukudanganya. Ulimwona mtu ameanza tuta la kwanza, ukatumia desturi yetu kufikiria, na desturi ilikuwa sahihi. Ulikosa kimoja: hukushuka kwenye pikipiki. Ungeshuka, yule mama angekupa togwa, na watoto wangekueleza kwa Kiingereza kwa nini aliyetangulia ni mwalimu. Ulifika Njombe na nusu ya habari, na nusu hiyo ikakaribia kuwanyima mwalimu watoto wanaofanya mtihani Novemba.

Mwalimu Cresensia, wewe ulishuka. Uliuliza kwa ukali, ndivyo ninavyopenda kuulizwa. Ulimwona Praygod. Huyo kijana alikuja kwangu akiwa kasuku, na Alhamisi aliyatazama maisha ya mtu, akatafuta kitenzi kinachoyatosha, akakipata, akakisema bila kumdhalilisha aliyekuwa mbele yake. Nimefundisha Kiingereza tangu nywele zangu ni nyeusi zote. Sijui kitu kikubwa zaidi ambacho lugha inaweza kumfanyia mtu. Nilikuwa nimeketi juu ya gunia, miguu inaniuma, na nilijivuna kiasi cha kuona aibu. Sasa sioni aibu. Najivuna wazi: hawa ni watoto wa Wabena, wa Wakinga, wa Wapangwa, lugha hiyo ni ya nne kwa baadhi yao, na wanaitumia kama jembe la nyumbani kwao, bila kuomba ruhusa ya aliyelifua.

Katibu wenu msimbeze. Alivua viatu mbele ya watu aliokuwa amewaandikia waraka. Wangapi kati yetu wangefanya hivyo?

Tarehe 22, mkishamtoa nje, mtabaki wawili chumbani. Nawataka mfute aya ya tatu ya waraka, na majina yenu yaandikwe chini ya ufutaji huo. Nawataka mweke mahali pake nusu ukurasa niliouambatanisha hapa, upelekwe kila shule ya kata mkoani. Cresensia, kura yako ipige kwa ulichokisikia kwa masikio yako, na useme hivyo kwa sauti.

Nawe, Gideoni: ukishikilia bado kwamba nipokonywe darasa, barua usinitumie. Alhamisi hiyohiyo, mkishamaliza kikao, tuko kwa bibi yake Lameki, ng'ambo ya mto. Njoo na jembe lako, ya shule hayatoshi. Simama juu ya tuta, waambie wanafunzi wangu kwa Kiingereza kwa nini unawaondolea mwalimu, kisha nyamaza uwasikilize wakikujibu.

Getruda Mwalongo